Kinaya Kilichokaa Mlangoni Pangu

Boke,

Salamu sikuandikii. Nimekusalimia asubuhi ukitoka kuchota maji, na kesho nitakusalimia tena kabla lori la samaki halijapita kukuchukua. Umekwenda kwa dani kumuaga, na ninamjua mama mkwe wangu, leo hatakuachilia urudi. Kwa hivyo nyumba ni yangu peke yangu, na kalamu ni yako, ile uliyoisahau juu ya meza.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kikuria huna cha kutosha, na hilo ni kosa langu. Kijaluo nakisema tu, nikikiandika unacheka. Kiswahili nilikipata Migori mjini, dukani kwa Mama Zuhura, nikiwa na umri unaokaribia wako, na ni yeye aliyenipa neno ambalo nataka uende nalo Kisegi.

Habari ya sabuni, ya kufua soksi, ya kutolala taa ikiwaka, nimesema mpaka umenuna. Sirudii. Nataka kukuambia kwa nini mwaka ule boma letu lilikosa chakula, na kwa nini nilikuchapa siku ile ya omena. Mama yako mdogo Awino, mke mwenzangu, ambaye unakwenda kuishi nyumbani kwake Kisegi, anayajua yote mawili. Iko siku atakusimulia. Afadhali uyasikie kwangu kwanza, maana akikusimulia yeye atakusimulia akitabasamu.

Neno lenyewe ni kinaya. Mwalimu wako wa sekondari atakufundisha kinaya cha vitabuni, umsikilize. Hiki cha Mama Zuhura kilikuwa cha dukani.

Mama Zuhura alikuwa mtu wa pwani, alimfuata mume wake hadi Migori kuuza vitambaa na sufuria. Mimi nilikuwa nafagia, nakunja leso, nalala stoo. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka jingine la vitambaa. Siku moja upepo ukang'oa mabati ya duka lile na mvua ikamaliza kazi. Marobota yote yakalowa. Watu wa soko wakakimbia kumsaidia yule mwenye duka kuanika. Wifi yake Mama Zuhura hakwenda. Alivuta kigoda barazani, akajimiminia kahawa, akakaa kuangalia zile leso zikichuja rangi kwenye matope. Hakucheka. Alikunywa polepole, kama mtu aliyemaliza kazi yake ya siku.

Nikamuuliza Mama Zuhura, "Wifi yako amefurahi?"

"Huyo hajafurahi, mwanangu. Huyo ana kinaya."

"Kinaya ni nini?"

Alikuwa anampimia mteja kitambaa, hakuinua kichwa. "Mtu akifurahi huwezi kumzuia kuita wenzake. Mwenye kinaya hamwiti mtu. Ameshiba, na kinachomshibisha ni kukuona wewe una njaa. Wewe ukipata chakula, yeye njaa inamrudia."

"Basi ni kuringa."

"La. Anayeringa anataka umtazame. Mwenye kinaya anakutazama wewe. Hebu nenda ukawasaidie wale kuanika, na usimtazame wifi yangu usoni. Maradhi hayo yanaambukiza."

Nikaenda. Nililichukua lile neno kama mtoto anavyookota kifungo njiani, hajui ni cha nguo gani.

Baba yako alinikuta pale pale dukani. Alikuja kununua karai la kuoshea mchanga wa dhahabu. Akarudi kununua jingine. Aliporudi tena Mama Zuhura akamwambia, "Kijana, huo mto wenu una watu wangapi?" Ndivyo nilivyofika huku kwenu karibu na Macalder, msichana ambaye hata kusonga ugali wa mtama sikuwa najua vizuri, nikawa mke wa kwanza wa boma, mikayi. Jina langu wakaliweka kando. Nikawa Nyar Kuria, binti wa Wakuria, na ndivyo ninavyoitwa mpaka leo kana kwamba Gati halikuwa jina.

Dani ndiye aliyenifundisha sheria za boma. Aliniketisha, akaniambia kwamba mbegu za kwanza hutoka mkononi mwa mikayi. Mpaka mikayi apande, mke mdogo hawezi kufukia hata punje moja. Akitangulia, chira inaingia nyumbani, laana ile inayomla mtu akakonda mpaka akaisha, yeye au mtoto wake. Mimi nilicheka. Kwetu Ntimaru nilimwona mama yangu akitazama juu, mvua ikija anachukua jembe. Kama kulikuwa na sheria nyingine, sikuambiwa.

"Cheka tu, Nyar Kuria," dani akasema. "Siku moja utajua umepewa nini."

Nilikuja kujua.

Unalikumbuka shamba la kijitoni, lile la udongo mweusi? Sasa ni matete matupu. Wewe ukiwa mgongoni mwangu, yalikuwa matete vilevile. Nililitoa kwa mikono hii. Nilikata, nikachoma, nikang'oa mizizi inayofanana na kamba za ng'ombe, msimu baada ya msimu, mpaka siku moja nikaingiza jembe likazama bila kelele. Sijawahi kujenga nyumba, lakini nadhani anayejenga nyumba husikia vile nilivyosikia mimi siku ile.

Kisha baba yako akamwoa Awino. Nikisema haikuniuma nitakuwa naanza barua kwa uongo. Lakini nilijua nimeolewa wapi, na nilijikaza. Nilimpokea, nikampa moto wa jikoni kwangu. Kilichonishinda ni kingine. Siku moja nilishuka kijitoni nikamkuta ameinua rinda, analima shamba langu. Baba yako alikuwa amempa. Hakuniambia, labda aliona aibu, labda aliona si jambo la kusema. Awino alikuwa na dada yake aliyekuja kumtembelea kutoka Kisegi. Aliponiona hakushtuka. Alikanyaga udongo, mguu ukazama hadi kifundoni.

"Mikayi," akaniambia, "ardhi laini hivi, ni nani alinilimia?"

Dada yake ndiye aliyecheka. Awino hakucheka. Alinitazama tu, amesimama juu ya jembe lake, ametulia kama mtu aliyeshiba. Hapo nikaijua nguo ya kile kifungo.

Nikamwambia, "Lima, mdogo wangu. Lima vizuri." Nikapanda juu nyumbani. Njiani nilikuwa nahesabu miezi ya mvua, na moyo wangu ulikuwa umetulia kuliko siku nyingi. Kulima si kupanda.

Mvua ikaja, na ilikuja vizuri. Dani akapanda kwake, maana yeye ni mkubwa wetu sote. Zamu ikawa yangu. Desturi inataka mume alale nyumba ya mikayi kabla ya mbegu kutoka. Wewe ni mkubwa sasa, naandika bila kuzunguka. Baba yako akaja. Nikamwambia mgongo unauma. Akaja tena, nikamwambia mgongo umepanda mabegani. Nilijifunga kitambaa kichwani, na kila asubuhi nilikaa mlangoni na ungo wa mbegu mapajani, nachagua. Nikimaliza nazichanganya, naanza upya. Kutoka pale mlangoni niliona njia yote ya kijitoni na lile shamba lenyewe, jeusi, limelimwa vizuri kama nilivyomwagiza, na halina kitu ndani yake.

Awino alipita na mtungi wake.

"Mikayi, umeamkaje?"

"Nimeamka na mgongo wangu."

"Pole. Majirani wameanza kupalilia."

"Macho yangu hayaumwi, nawaona."

"Basi toa hata punje moja tu. Mimi nitakufuata nyuma."

"Mbegu za mikayi hutolewa na mikayi, na mikayi ni mgonjwa. Kama una haraka, tangulia."

Alikuwa na mimba, Boke. Ile mimba iliyomleta ndugu yako Ouma. Nilipomwambia tangulia aliweka mkono tumboni, na mimi nikautazama ule mkono, nikaendelea kuchagua mbegu. Nilijua ninasema nini. Mtu asije akakuambia kwamba mama yako alikuwa mgeni, hakujua uzito wa sheria zao. Hakuna aliyeijua sheria ile kuliko mimi mwaka ule.

Na ilikuwa tamu. Watu wanaokuambia kwamba kisasi ni kichungu hawajawahi kukaa mlangoni vile. Niliamka mapema kuliko kawaida ili nimkute akitoka. Chai yangu ilinoga. Baba yako alikuja na hasira, kisha akaja na sukari, kisha akaja na mjomba wake, na wote niliwapa kiti na kuwaonyesha mgongo. Hawakuwa na la kufanya. Kunipiga kusingetoa mbegu, na kupita juu yangu waliogopa. Wanaume wote wale, na mbegu ziko kwenye ungo wa msichana wa Ntimaru.

Dani ndiye pekee aliyekuja bila kukaa.

"Nyar Kuria, unamnyima nani?"

"Mimi ni mgonjwa, mama."

"Nimekuuliza unamnyima nani."

"Mgongo, mama."

"Huo mgongo wako una mtoto?"

Nikainamia ungo wangu. Akaenda zake na fimbo yake. Mimi nilidhani ananiuliza habari ya mtoto aliye tumboni mwa Awino. Nikajisemea, huyo si wangu. Nilikuwa nimezama kiasi hicho, hata sikukumbuka kwamba mwenye mtoto aliyekwisha kuzaliwa, anayekula kila siku, ni mimi.

Unajua mgongo ulipona lini? Ulipona siku Awino alipopita na hakulitazama shamba. Alipita kama linavyopitwa kaburi la mtu usiyemjua. Siku ya pili vilevile. Hakunisalimu wala hakuomba. Kile kitu kilichokuwa kinanishibisha akawa amekiondoa mezani. Basi nikafungua kitambaa kichwani nikamwambia baba yako nimepata nafuu. Tukapanda, mimi kwanza, Awino nyuma, kila kitu kwa utaratibu wake. Mvua ikanyesha kidogo, ikaondoka. Mahindi ya Awino yakafika magotini yakakauka. Yangu yakafika magotini yakakauka. Jua halikuuliza ni ya nani.

Wewe ulikuwa darasa la pili. Unakumbuka ugali wa dani uliokuwa unagawanywa nyumba tatu. Unakumbuka mwalimu alivyokurudisha nyumbani umebebwa na wasichana wakubwa, wakasema umeanguka ukiwa umesimama mstarini. Nilikuambia ni malaria. Haikuwa malaria.

Awino akaenda kwao Kisegi, akarudi na gunia la omena, wale dagaa wa ziwani, na mihogo mikavu. Alikuwa ameshajifungua, mtoto yuko mgongoni. Hakupika jikoni. Alitoa mafiga nje, upande ambao upepo unakuja nyumbani kwangu. Alipomaliza kupika akakuita kwa jina lako la Kijaluo, tena kwa sauti ya kunifikia mimi.

"Adhiambo! Njoo ule. Mama yako bado anachagua mbegu."

Ulikwenda mbio. Ulikula kwa mikono miwili. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni pangu, na yeye akanitazama juu ya kichwa chako. Hakutabasamu hata. Alinitazama tu mpaka akashiba.

Yaliyofuata unayajua. Nilikuja, nikakushika mkono, nikakutikisa mpaka ukatema, nikakuchapa mbele yake kwa kiatu cha mpira, na nikapiga kelele kwamba nitakufundisha kudoea. Tangu siku ile, hata kwa dani, hujawahi kupokea chakula bila kunitazama kwanza. Nimeona. Kila mara nimeona, na kila mara nimegeuza uso.

Hukuwa unadoea. Ulikuwa na njaa, na ile njaa niliipanda mimi; ndicho kitu pekee nilichopanda kwa wakati mwaka ule. Nilikuchapa kwa sababu wewe ulipokuwa unashiba, Awino alikuwa anashiba zaidi. Ilibidi mtu aumie na yeye sikuweza kumfikia. Wewe ulikuwa karibu.

Usinijibu kuhusu hilo. Sitaki uniambie yamepita. Nataka tu mkono wako ukienda kwenye sahani uende bila kuniuliza.

Mwaka uliofuata Awino alihamia Kisegi na mtoto wake, akaanza biashara ya samaki. Ana nyumba ya mabati sasa, baba yako anakwenda na kurudi, na mimi hubaki na karai langu mtoni, naosha mchanga ambao wenzangu wameshauosha. Mgongo sasa unauma kweli na hakuna anayeniamini. Shamba la kijitoni sikuligusa tena. Baba yako aliniambia nilichukue, nikakataa. Nikipita na kuona matete yamerudi, moyo unapoa, kwa sababu angalau hakuna anayelima. Unaona nilivyo. Sijamsamehe Awino. Nikisikia samaki wake wameoza njiani nitalala vizuri, na sioni sababu ya kukudanganya wewe usiku wako wa mwisho hapa.

Sasa hii ya shule. Matokeo yako yalipotoka nilitembea sokoni kama mke wa chifu. Kisha tukajua kwamba shule iliyokupa nafasi iko kule Kisegi, ya kutwa, na kwamba unahitaji mahali pa kulala. Baba yako akanifuata mtoni. Alisimama kwenye kokoto, viatu mkononi.

"Awino anasema tumpe Adhiambo. Shule iko karibu na kwake. Ameshatenga chumba."

"Awino anasema?"

"Ndiyo."

"Ametenga na kitanda?"

"Na kitanda."

"Basi mwambie akilalie yeye. Boke ananisaidia hapa. Atakwenda mwaka ujao, shule nyingine."

Aligeuka akaondoka, na ule mgongo wake ukiondoka niliukumbuka kutoka mwaka ule wa mbegu. Nikarudi kwenye karai, na kabla sijainama nikasikia kitu kinapanda kifuani, kizuri, cha moto. Nilikiona kile chumba cha Kisegi, kimefagiwa, kitanda kimetandikwa, na hakuna mtu. Nikamwona Awino amesimama mlangoni mwa chumba kitupu. Nikashiba.

Ndipo ukaja na chai yangu. Ulikuwa umekutana na baba yako njiani na ulikuwa umeshajua. Hukuniuliza chochote. Uliweka chai juu ya jiwe, ukachukua karai la pili, ukainama karibu yangu ukaanza kuosha mchanga. Nilikutazama mikono. Ilikuwa inazungusha vizuri, maji yanatoka, mchanga mweusi unabaki, hupotezi kitu. Ulikuwa unaosha kama mtu ambaye atafanya kazi hiyo mpaka azeeke. Nimeogopa mambo machache maishani, Boke, lakini nilikuogopa wewe siku ile, ulivyonyamaza. Nilikuwa nimekukalia wewe kama nilivyozikalia mbegu, na mvua inapita.

Nilimkimbilia baba yako na miguu mitupu. Nilimkuta karibu na barabara, nikamwambia, mpeleke. Akaniuliza kama mgongo umepona. Ningempiga, lakini alikuwa na haki.

Usidhani nilifanya hivyo kwa moyo mweupe. Kama ningepata njia ya kumwumiza Awino bila wewe kusimama katikati, ningeitumia kesho asubuhi. Siioni njia hiyo. Kila nikimrushia jiwe, wewe uko mbele yake. Nimekuwa nikilipima jambo hili tangu siku ile na halibadiliki.

Kwa hivyo sikiliza. Atakupa chakula, na chakula kitakuja na maneno. "Kula, kwenu hakuna hivi." Kula. Sema asante, na kama kipo kingine, uombe uongezwe. Akikuonyesha kwa wageni, "Huyu ni wa Nyar Kuria, nimeamua kumchukua," wasalimie wageni. Hayo ni malipo yake, ayale. Wewe kula yako, ya sahani. Usifunge mdomo kwa ajili yangu. Nilishakufunga mdomo mara moja kwa ajili yangu na ulitoka na nini?

Na kuna jambo ninaloliogopa kuliko maneno yake. Huenda akawa mwema. Watu hubadilika wakishiba samaki na kulala chini ya mabati yao. Huenda ukampenda. Ukimpenda usinifiche ukadhani unanilinda. Nitaumia, ndiyo. Niache niumie, hiyo ni kazi yangu.

Usiniletee habari za nyumba yake. Nitakuuliza. Likizo ukifika, kabla hata hujanywa maji, nitakuuliza kama paa linavuja, kama baba yako anacheka akiwa kule, kama Ouma ana akili darasani. Nitauliza kama mzaha. Usinijibu. Niambie umefika wapi kwenye hesabu.

Na kinaya chenyewe, sikuambii usikisikie. Umezaliwa na mimi, utakisikia. Siku ambayo wewe umepita mtihani na mtoto wa mtu aliyekudharau ameanguka, kitakuja na utamu wake wote. Mimi nimejifunza kukitambua kwa alama moja tu: ukiwa na furaha miguu inataka kukimbia kumwambia mtu, lakini hiki kinataka kigoda. Ukijikuta unatafuta mahali pazuri pa kukaa na kutazama, basi ujue. Kisha ugeuke nyuma uangalie ni nani mwingine nyumbani mwako hajala.

Limebaki moja, na ndilo lililonifanya nikae niandike badala ya kukunja nguo zako. Huenda akakutesa. Huenda akakuamsha kusafisha samaki mpaka vitabu vilale, au akakuinulia mkono, au akakunyima kwenda shule siku za soko. Wewe una kiburi changu, nimekuona ukinyamaza. Najua utafikiri hivi: nikirudi nyumbani Awino atakuwa ameshinda, na mama atachekwa soko zima. Utakaa kule ukauke, ili usimpe yule mwanamke kile anachokitaka. Utadhani unanitendea wema.

Nakukataza, Boke. Hilo si ombi.

Ikiwa hivyo, rudi. Rudi mchana. Usipite njia ya nyuma, usingoje giza. Pita barabara kubwa, katikati ya soko, sanduku kichwani, na anayeuliza umjibu kwamba unakwenda kwa mama yako. Shule nyingine tutaitafuta, mimi nina mikono. Na Awino asimame mlangoni kwake akutazame mpaka upotee, kisha apeleke habari kwa dada zake, washibe mpaka wavimbiwe. Nimejipima, naweza kubeba. Yaliyo baina yangu na yeye nitayamaliza mimi, na hayatapita mikononi mwako.

Maisha yangu yote sijawahi kumpa yule mwanamke kitu kwa hiari yangu. Kinaya hicho nitampa, akichukue chote, mradi wewe uko hapa ndani umekaa unakula.

Mama yako,
Gati